Mama Hana Kiu

Kambini, 2 Juni

Dada yangu Dobi,

Salamu zikukute hapo hapo katikati ya mvuke wako, wewe na shemeji, na mwanao, bwana harusi wetu, na mkewe. Sisi wazima. Goti langu linanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi ya basi, wifi yako anakohoa kidogo kwa vumbi, na Mama alilala njia nzima mdomo wazi. Hata daraja bovu halikumwamsha.

Naandika kwa sababu mtandao huku unapatikana juu ya mwamba mmoja tu, na pale kuna foleni. Tena mimi na wewe kwenye simu tunakatana kauli. Kwenye karatasi utanisikiliza hadi mwisho, utake usitake.

Ulilicheka sana basi langu lilipokuwa gereji halina hata kiti. Ungeliona sasa, limekuwa nyumba! Nyuma kitanda chetu, katikati jiko la gesi na sinki, mbele kitanda cha Mama, dirishani, nyuma ya kiti cha dereva. Choo kipo, kidogo kama kabati. Ukikaa, magoti yanagonga mlango. Juu ya sinki nimefunga taa nne za tangi. Zikiwaka zote, maji yamejaa. Ikibaki ile moja nyekundu, tunaanza kutazamana vibaya.

Maana maji ndiyo habari ya kila siku huku. Tangi likiisha, hakuna jirani wa kumgongea. Kwa hiyo tuna sheria. Kuoga: jilowanishe, funga bomba, jisugue, fungua, jisuuze, toka. Sahani zinapanguswa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Yale maji ya baridi yanayotangulia kabla ya maji ya moto kufika tunayakinga kwenye beseni, ni ya kupikia. Maji ya vyombo yanamalizia chooni. Wifi yako aligoma mwanzoni, akasema hakustaafu kazi ili aje kuishi jela. Mama hakugoma. Anatushinda wote! Kopo moja la kuogea na linabaki. Nikimkaribisha chai ya pili anasema, "Sina kiu mimi. Kiu ni ya watoto."

Jambo moja. Kwenye begi lake kuna nailoni pana, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Kila jioni anaitandika mwenyewe chini ya shuka, na asubuhi anaipangusa na kuikunja, ingawa ni kavu. Ulimnunulia wewe? Ya nini?

Mdogo wako,
Spana

*

Nyumbani, 24 Juni

Kwako Spana,

Barua yako imekaa siku kadhaa mezani sijaifungua, si kwa ubaya. Hoteli ina mkutano wa watu wa bima, kila chumba kimejaa, na ile mashine kubwa imekufa katikati ya msimu kama kawaida yake. Shuka zimerundikana hadi dirishani. Vidole vyangu vimebabuka kwa dawa ya madoa. Shemeji yako anakusalimu, bado anasubiri ulirudishe jeki lake.

Vijana hawajambo. Wamehamia chumba cha Mama, maana sebuleni walikuwa wanabanana na mke mpya ana haya zake. Wamekipaka rangi ya samawati. Ni kwa muda tu. Wewe mwenyewe ulisema hewa ya huko itamfaa Mama, sikukupinga.

Nimefurahi kusikia mnaishi kwa sheria. Lakini nisikilize kwa hili: vidonge vyake vya presha vinataka maji. Daktari alisema mbele yangu, glasi nzima asubuhi na glasi nzima jioni, na katikati anywe hata kama hataki. Usiache akudanganye. Unamjua, alipika shuleni miaka yote ile, watoto wote wakala, yeye akala ukoko na kusema ameshiba.

Na mwambie aniandikie mstari mmoja chini ya barua yako. Mkono wake naujua.

Dada yako

*

Kambini mlimani, 19 Julai

Dada,

Nisamehe kuchelewa. Tumehama. Ile kambi ya kwanza ilijaa vijana wenye muziki, tukapanda huku juu, kuna baridi safi na ndege wanaopiga kelele kama makondakta. Ninatengeneza jenereta la mwenye kambi, naye anatuacha tuegeshe bure. Wifi yako amepata shoga wa kufuma naye. Jeki la shemeji lipo, mwambie lisimtoe usingizi.

Huku hakuna bomba. Boza la maji linapanda mara moja kwa wiki, na wiki iliyopita halikupanda, lilikatika ekseli njiani. Basi tukakaza mkanda. Sasa hata mikono tunanawa kwa chupa niliyoitoboa kifuniko, maji yanatoka kama machozi ya mamba. Mama ndiye mlinzi wa tangi. Amegeuza mto wake ili akilala azione zile taa. Mtu akifungua bomba anakohoa. Wifi yako alicheka, akasema, "Mama, wewe ungeweza kuishi kwa umande." Mama akajibu, "Ndiyo, na nisingemsumbua mtu." Tulicheka wote.

Vidonge anakunywa, mimi mwenyewe namkabidhi. Maji anapiga mafunda mawili, anasema yanatosha. Usianze kunifundisha. Wewe unayemwaga mto mzima kwa siku ili mgeni alale kwenye shuka nyeupe, unaniambia mimi habari za glasi?

Mstari wake nilimwomba. Alishika kalamu, akaiweka. Anasema mkono unatetemeka siku hizi na miguu inamkaza usiku. Ni baridi tu.

Ile nailoni hukunijibu.

Spana

*

Nyumbani, 30 Julai

Spana,

Wazima hapa.

Mkono unaotetemeka si baridi. Miguu inayokaza si baridi. Mimi si daktari, lakini nimemuuguza Mama wakati wewe ulikuwa chini ya mabasi ya watu. Mteremshe mjini akapimwe. Wiki hii, si ijayo.

Ungemleta hapa, ila chumba bado kinanuka rangi na mkwe wangu ana ujauzito, harufu zinamsumbua. Mpeleke hospitali iliyo karibu na wewe.

Mafunda mawili si glasi. Hata wewe uliyekimbia hesabu unalijua hilo.

Dada yako

*

Hospitali ya wilaya, 21 Agosti

Dada,

Tulipofika mjini nilikupigia, simu yako ikaita mpaka ikakata. Nimempigia shemeji, amesema atakwambia. Naandika hapa kwenye benchi la nje ya wodi, ili usije ukasema hukuelezwa.

Barua yako ilinifikia na boza, na boza lilichelewa tena. Nilipanga kumteremsha Mama siku ya soko. Kabla ya siku hiyo, asubuhi, nilimkuta amekaa kitandani amevaa viatu. Akaniita kwa jina la Baba. Akasema, "Umeshafunga koki ya shule? Watoto watamaliza maji." Nikamwambia, Mama, ni mimi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mpita njia. Aliposimama ili ashuke, miguu ikamkatalia kwenye ngazi ya basi. Nilimdaka kiuno, lakini kichwa kiligonga mlango.

Njia nzima wifi yako alimpakata. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Ulimi ulikuwa kama kipande cha kitambaa. Nilikuwa nikiuona uso ule kila siku, na sikuuona.

Daktari ni binti mdogo, wa umri wa mwanao. Alimvuta Mama ngozi ya mkono kwa vidole viwili, ikabaki imesimama vile vile, kama ukunjo wa nguo. Akaniuliza, "Mara ya mwisho alikwenda haja ndogo lini?"

Sikujua. Wifi yako naye hakujua.

"Nani amemnyima maji?"

"Hakuna aliyemnyima," nikasema. "Tuna tangi. Tunabana wote."

"Nyie mmekuja kwa miguu yenu," akasema. "Yeye mmembeba." Akaondoka.

Figo zimeumia. Wamemwekea dripu. Wanasema tungoje.

Njoo.

Spana

*

Nyumbani, 12 Septemba

Kwako ndugu yangu,

Nimefika salama. Shemeji yako alikuwa ameacha taa zote zinawaka. Mkwe wangu anatapika kila kitu. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Pale wodini nilinyamaza kwa heshima ya wagonjwa. Nilikuona umeinamisha kichwa, nikamwona mkeo analia kwenye kanga yake, nikasema moyoni, nisubiri niondoke. Sasa nimeondoka.

Umemkausha Mama. Mimi kukausha ni kazi yangu, najua nguo inachukua muda gani na moto gani. Wewe ulifanya polepole, huku unacheka, huku unaniandikia vichekesho. "Mama anatushinda wote." Umemfanyia mama yako mashindano! Mwanamke wa umri ule, mwenye presha, unamweka kitandani mbele ya taa nne azilinde kama askari wa benki. Ulishindwa kugeuza lile basi lako, ukashuka, ukajaza madumu? Una mikono, una gari, una mafuta. Lakini fahari, ndugu yangu. Ulitaka kuonyesha kwamba mnaweza. Uliyetoa jasho ni wewe, aliyekauka ni yeye.

Nilimlisha uji. Nilimpa maji kwa kijiko, akameza. Nikampa tena, akafunga mdomo, akatazama ukutani juu ya sinki la wodi, akawa anatafuta kitu. Nikamuuliza, "Unatafuta nini, Mama?" Akasema, "Zimebaki ngapi?"

Nikalie wapi na hilo?

Akitoka hospitali anakuja kwangu. Sikuombi. Nakuarifu.

Dada yako

*

Karibu na hospitali, 23 Septemba

Dada,

Goti langu halijambo. Wifi yako hajambo. Tumeegesha nyuma ya kituo cha mafuta, maji yapo tele, bomba halina hata anayelilinda.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mengi ni kweli na sina la kujitetea nalo. Ndiyo, nilicheka. Lakini mkuki kwa nguruwe, Dada.

Mara tatu nimekuuliza habari ya ile nailoni, mbili kwa barua, moja pale korido, ukajifanya unatafuta miwani. Sasa sikuulizi tena, maana Mama amenieleza. Hakueleza kwa kulalamika, unamjua. Yule daktari binti ndiye alimuuliza, "Bibi, uliacha kunywa lini?" Mimi nimesimama pale nikingoja ataje kambi ya mlimani. Akasema, "Tangu kwa binti yangu."

Anasema kuna asubuhi aliamka shuka imelowa. Mara ya kwanza mlifua, mkanyamaza. Mara ya pili ulikuwa umetoka zamu, umechoka, na mkwe wako mpya alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Ukaivuta shuka ukasema, "Kutwa nafua mikojo ya wageni, nirudi nyumbani nifue na yako?" Kesho yake ukaja na nailoni.

Tangu siku hiyo, anasema, akaacha kunywa baada ya chakula cha mchana. Halafu akaacha na mchana. "Nikajizoesha," alisema, kama mtu anayeeleza alivyojifunza kuendesha baiskeli. "Na sikuwaharibia tena."

Kwa hiyo alipopanda basi langu alikuwa ameshafuzu, Dada. Mimi nilimpa cheti tu.

Ulinikumbusha habari ya hewa ya huku kumfaa Mama. Mimi ndiye niliyesema hivyo, ndiyo, lakini wewe ndiye uliyeniletea begi lake hadi gereji, limefungwa, kabla sijamaliza kufunga milango. Nilidhani ni hamu yako ya kutuona tunaondoka kwa raha.

Unauliza kama wifi yako aliwahi kumsema kwa sababu ya kumwaga maji ya tangi chooni. Najua hukuuliza kwenye barua, ulimuuliza yeye mwenyewe pembeni, ameniambia. Hilo ni la nyumba yangu. Niachie.

Na habari ya kumchukua, usijisumbue kukunjua kitanda. Jana walituambia anaweza kutoka. Nikamwambia, "Mama, Dada anakutaka, na sisi tunakutaka. Chagua." Akaniuliza, "Mdogo wangu bado anakaa pale pale?" Nikasema ndiyo, Mama Mdogo yupo pale pale, ila chumba ni kimoja na choo kiko nje. Akasema, "Nipeleke kwa mdogo wangu."

Nimempeleka. Alikaa mbele, pembeni yangu.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 17 Februari

Spana,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nyingine zilikuwa na matusi, ukae ukijua.

Mjukuu amezaliwa, wa kike, mapafu mazima, analia hadi majirani wanahesabu. Shemeji yako anajidai babu. Hoteli wamenunua mashine mpya, inafua kwa maji nusu ya ile ya zamani, mkubwa wetu anajisifia kwa kila mgeni.

Yale uliyoandika sitayajibu. Sisemi ni uongo.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Mdogo. Sikutoa taarifa. Nilibeba shuka mbili mpya za pamba na blanketi, kama mjinga, kama vile kukosa shuka ndiyo ilikuwa shida. Mlango ulikuwa wazi. Nikasimama kwenye kizingiti, macho yangu bado yana jua, na kabla hawajaniona niliwaona. Wamekaa sakafuni mkekani, wawili, miguu imenyooshwa, wanachambua mboga. Mama amenenepa mashavu. Ana glasi kubwa ya maji mkononi, ile ya bluu yenye mshikio, anakunywa kwa kishindo kama mtoto aliyetoka kucheza, na Mama Mdogo anamwambia, "Kunywa, dada, ukilowesha tutaanika, jua la bure." Mama akacheka mpaka maji yakamtoka puani.

Nikabisha hodi.

Alipogeuka, furaha ilikuwapo, usiniambie haikuwapo. Akasema, "Ah, mwanangu." Lakini hapo hapo mkono wake ukaishusha ile glasi. Akaiweka nyuma ya sinia la mboga, nisiione. Ilikuwa bado imejaa nusu.

Nilikaa hadi jioni. Tulizungumza vizuri, mtoto, mashine, watu waliokufa. Nilimmiminia maji mwenyewe. Nikampigia magoti, Spana. Nikamwambia, "Mama, kunywa, nakuomba." Akaniambia kwa upole, "Sina kiu, mwanangu. Nimeshakunywa."

Nilipofika kona ya nje nikageuka. Kupitia mlangoni nikamwona anaichukua ile glasi.

Nimeshindwa kumwambia shemeji yako. Mwanangu siwezi kumwambia, ataniuliza kwa nini. Nikaona hakuna mwingine wa kumwandikia isipokuwa wewe, na hilo nalo limeniuma. Ukienda, uniambie kama na wewe anakufanyia hivyo.

Dada yako

*

Gereji, 9 Aprili

Dada,

Hongera ya mjukuu. Mapafu mazima ni urithi wako. Goti langu limefanyiwa upasuaji mdogo, natembea na fimbo, wifi yako anasema inanipa heshima nisiyostahili. Basi nimelirudisha gereji. Sijaliuza, ila nimelitoa tangi. Jeki la shemeji nimempa dereva wa mizigo, atalifikisha.

Barua yako ilinikuta kitandani, ndiyo maana nimekawia. Si kwa hasira. Au tuseme hasira ilikuwapo, ikachoka.

Nilikwenda wiki iliyopita. Nilifika karibu na saa sita, jua kali. Nikaegesha mbali kidogo ili wasisikie injini, sijui kwa nini. Mlango ulikuwa wazi kama ulivyosema. Nikasogea na fimbo yangu hadi ukutani, upande ambao hawanioni. Nikamsikia Mama Mdogo anamimina. Nikamsikia Mama anasema, "Ongeza, ongeza, usinipunje." Halafu kimya, kile kimya cha mtu mwenye glasi mdomoni.

Nilikuwa nimeshanyanyua mkono nibishe hodi.

Nikaona nimwache amalize. Nikaondoka.

Spana